Umeme wa Kutumiwa, Kuni za Kuokota: Niliyojifunza Kwenye Uwakala Lyulilo

Kibanda changu cha uwakala wa pesa za simu kipo Lyulilo, wilayani Kyela, kijiji unachokikuta ukishaipita Matema, pale milima ya Livingstone inaposhuka mpaka majini na barabara ya gari ikakosa pa kwenda. Mbele ya hapo ni njia ya miguu, au mtumbwi hadi Ikombe. Kila Jumamosi akina mama wa Kikisi huja na vyungu vyao kwa mitumbwi, gulio linafurika, nami naishiwa floti kabla ya adhuhuri. Siku nyingine kazi yangu ni kungoja ujumbe uingie kwenye simu za watu: mtoto katuma kutoka Dar, kaka katuma kutoka machimboni Chunya, mume katuma kutoka Afrika Kusini.

Ukikaa nyuma ya meza ya namna hii unasikia, hata usipotaka, pesa imetumwa ya nini. Mimi nimejikuta nafuatilia zaidi ile inayotumwa ya taa na ya jiko. Majina nayaacha, maana hawa ni wateja wangu na tunazikana.

1. Anayetuma hununua kile anachoweza kukiona akiwa mbali

Watu wa Kyela kwenda mbali kutafuta hakukuanza na simu. Tangu miaka ya 1930 wazee walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, huko Chunya. Wengine wakavuka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Na wengine wakaenda Wenela, chombo cha wenye migodi ya Witwatersrand cha kukusanya wafanyakazi, mpaka Tanganyika huru ilipofunga mlango huo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Philip Gulliver, aliyechunguza safari hizo za Wanyakyusa, aliandika juu yazo mwaka 1957. Babu yangu hakusoma maandishi hayo, lakini alirudi na blanketi, baiskeli na chemli.

Hiyo chemli ilining'inizwa chumba cha wageni. Bibi aliendelea kupika kwa mwanga wa moto wenyewe. Siku hizi mahali pa chemli pana televisheni ya ukutani, na mtoto akipiga simu ya video, ndicho kitu kinachoonekana nyuma ya mgongo wa mama. Jiko liko nyumba nyingine, ya nyuma, na simu haifiki huko kwa sababu ya moshi.

2. Shilingi 27,000 ni mlango tu

Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, hii REA tunayoitaja kila siku, ikaanza kazi 2007. Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini ni 27,000. Hiyo ndiyo namba anayoisikia mtoto wa watu redioni akiwa Mbagala, na siku hiyo hiyo anatuma 27,000. Aliyelelewa vizuri anaongeza ya kutolea.

Anachokisahau ni nyumba yenyewe. Fundi anataka waya, mabomba, swichi, soketi, bodi, na ujira wake. Nyumba ya vyumba vinne inakula mara kadhaa ya hiyo ada kabla mita haijafungwa. Nimeona pesa ya kuunganishwa ikingoja pesa ya wayaringi mpaka ikageuka mbolea, na sioni ubaya: mpunga haungoji. Kwa nyumba ndogo kuna kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, kinachofungwa ukutani kikiwa na swichi na soketi zake, bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Ni wachache wanaokiuliza, kwa sababu anayetuma anataka nyumba ya baba yake iwe na taa kila chumba, hata kile kinachotunza magunia.

Halafu kuna suala la nguzo. Takwimu za serikali zinahesabu vijiji 12,318 Tanzania Bara, na karibu vyote vimeshafikiwa. Vitongoji ni 64,359, na hapo ndipo maneno yanapokuwa mengi. Kijiji kinaweza kuwa na umeme ofisini na shuleni huku watu wa kitongoji cha juu mlimani wakiuangalia tu.

3. Ya kutolea ni heshima

Hili nalisema kwa kifupi. Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza, watu wangu wengi waliopokea 10,000 ya umeme waligundua kwamba yule wa mbali alikatwa akituma na wao wanakatwa wakitoa. Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikaendelea kushuka. Lakini tabia iliyoanza wakati huo haikurudi nyuma: watu waliacha kutuma pesa ya umeme, wakaanza kutuma umeme.

4. Anayenunua umeme ndiye mwenye nyumba, hata akiwa mbali

Ni rahisi sana. Mtoto anahifadhi namba ya mita ya mama yake kwenye simu, ananunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, akiwa kazini, anapata tarakimu ishirini, anazituma kwa ujumbe. Mama, au mjukuu aliyepanda kwenye kigoda, anazibonyeza. Taa inawaka. Hakuna aliyekuja kibandani kwangu, na kamisheni yangu imekwenda na maji, lakini si hilo linalonisumbua.

Zamani 10,000 ya umeme ilipofika mikononi mwa mama, 5,000 ilikwenda kwenye LUKU, nyingine ikawa sukari, sabuni na mafuta. Mama alikuwa na la kupanga. Tarakimu ishirini hazigawanyiki. Bibi mmoja alikuja na simu yake kuniuliza kama naweza kumnunulia zile namba nimpe taslimu. Nikamwambia haiwezekani, zimefungwa kwenye mita yake. Akaniangalia vibaya. "Sasa, mwanangu, taa nitaila?"

Na pamoja na umeme kunakuja ukaguzi. "Mama, nilikuwekea tarehe mosi, mbona leo tarehe kumi na mbili unasema umeisha?" Kijana hajui kwamba kodi ya jengo, iliyoanza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021 kwa 1,000 kwa mwezi na sasa ni 1,500, hushuka kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo zile uniti alizodhani amemtumia mama hazikufika zote. Hajui pia kwamba wajomba wanakuja kuchaji simu, na mwenye umeme hawezi kumkatalia ndugu soketi. Nimekuwa msuluhishi wa kesi hizi zaidi ya mwenyekiti wa kitongoji. Kwa ninavyoona mimi, na sina karatasi ya utafiti, watoto wa kiume hutuma namba za LUKU na watoto wa kike hutuma taslimu. Wa kike wanajua nyumba inavyokwenda.

Mwaka 2024 ndipo nilipoona jinsi nyumba inavyoweza kuning'inia kwenye uzi mmoja wa ujumbe. Mita zote za mfumo huu wa tarakimu ishirini, duniani kote, zilitakiwa kuboreshwa kabla ya Novemba 24 mwaka huo, kwa sababu hesabu ya tarehe iliyomo ndani yake, iliyoanzia mwaka 1993, ilikuwa inafika ukingoni. Ukinunua umeme ulipewa mafungu matatu ya tarakimu ishirini: mawili ya kubadilisha mita, la tatu ndilo lenye uniti. Matangazo yalitolewa. Lakini aliyenunua yuko Dar, mita iko Lyulilo. Kijana akaona mistari mitatu, akadhani miwili ni takataka za mtandao, akatuma wa mwisho peke yake. Mita ikakataa. Akatuma tena. Ikakataa. Mama akaniletea daftari la mjukuu, namba zimeandikwa kwa penseli na kufutwa mpaka karatasi imetoboka. Tukampigia, akatafuta ujumbe wa kwanza, akanisomea tarakimu sitini kwa simu mbili, kwa sababu salio lilikata katikati. Mjukuu akabonyeza fungu la kwanza, la pili, la tatu. Nyumba ilikuwa gizani tangu juzi yake huku umeme umeshalipiwa.

5. Friji moja linaweza kupandisha bei ya taa

Huu ndio mkasa unaonirudia zaidi, kwa hiyo nivumilieni na hesabu.

Mama wa makamo, mjane, nyumba ya vyumba vitatu, alikuwa kwenye daraja la D1, lile la watumiaji wadogo. Humo uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja. Ukiweka VAT na makato mengine inakuwa 122. Ndiyo maana kijijini hata asiyejua kusoma anaijua 9,150: ndiyo bei ya uniti 75. Mama huyu hakuwahi kuzifikia. Taa nne, redio, simu. Mtoto wake akimtumia 5,000, ukiiweka kando kodi ya jengo, alipata uniti 41 kasoro kidogo, na mwezi ulipita.

Mtoto akapandishwa cheo kazini. Akamtumia mama friji kwa basi hadi Kyela mjini, kutoka huko likaja kwa Noah likiwa limefungwa kamba juu. Wote tulikwenda kuliangalia. Mama akaweka maji, nyanya, na samaki wawili wa kitoweo.

Kwenye D1, uniti inayozidi zile 75 haiuzwi 100, inauzwa 350 kabla ya kodi, na nyumba inayozidi mara kwa mara huhamishwa daraja. Friji la zamani lenye raba ya mlango iliyolegea, kwenye joto la Kyela, halilali. Baada ya miezi kadhaa, ile 5,000 ikawa inaleta uniti 14. Mtoto akadhani mama anauza umeme kwa majirani. Mama akadhani mita imerogwa. Nikawafanyia hesabu kwenye kipande cha boksi: uniti ya daraja la kawaida ni 292, ukiongeza makato ni kama 356. Umeme ni ule ule na taa ni zile zile nne, lakini kila taa sasa inawaka kwa bei karibu mara tatu, kwa sababu ya samaki wawili waliolala kwenye baridi hatua chache kutoka ziwani wanakovuliwa wabichi kila alfajiri.

Sisemi friji ni upuuzi. Jirani yake mmoja ana friji, anauza barafu kwa wachuuzi wa mbasa na soda kwa wageni wanaokuja ufukweni Matema, na linajilipa. Kama linauza, hesabu ni nyingine. Friji la heshima ndilo linaloumiza, na heshima hiyo ni ya aliyetuma.

6. Sola ya mkopo inaunganisha paa la Lyulilo na kibarua cha Johannesburg

Mafuta ya taa yalitutoka pole pole. Mwaka 2011 serikali ilipopandisha kodi yake ili yasichanganywe na dizeli, bei ikaruka, na kibatari kikaanza kuonekana anasa. Zikaja tochi za Kichina, kisha sola. Hata wavuvi wa usipa, waliokuwa wakiwasha karabai usiku kucha, sasa wana taa za betri. Ukisimama ufukweni usiku wa giza utaona mstari wa taa nyeupe majini pale palipokuwa na za manjano. Wale wa vitongoji vya juu, ambako nguzo hazijafika, walichukua sola za mkopo, zile za kulipa kila mwezi kwa simu. Usipolipa, boksi linajifunga lenyewe.

Wengi walizichukua kwa kuhesabu mtu wa mbali. Baba anaweka dole gumba kijijini, mtoto analipa akiwa Afrika Kusini. Mambo yakakaa vizuri, hadi Machi 27, 2020, Afrika Kusini ilipofunga nchi kwa sababu ya korona. Kinyozi alifungiwa, muuza nguo wa barabarani alifungiwa, fundi ujenzi alifungiwa. Na asiye na karatasi hakuwa akituma kwa benki. Alikuwa akimpa mtu wa basi, na mipaka ilikuwa imefungwa. Hata mwenye karatasi alilia na gharama, maana katika nchi za G20 Afrika Kusini ndiyo ghali kuliko zote kutuma pesa kutoka humo, wakati Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo 2030 kutuma pesa kusigharimu zaidi ya asilimia 3.

Mwezi wa nne ukaja na masika. Mvua ya Kyela haina mchezo: mawingu yanakaa mlimani kutwa, paneli inapata mwanga wa kuchaji simu moja. Kwa hiyo waliokuwa bado wanalipa walipata taa hafifu, na wasiolipa walifungiwa. Nikaona vibatari vikirudi, vile vya kopo la maziwa na utambi wa pamba. Mzee mmoja alikuwa amebakiza malipo machache tu sola iwe yake. Alikuja kuniuliza kama naweza kuwaeleza wenye kampuni kwamba mtoto hajakataa kulipa, amefungiwa ndani. Nilipiga namba ya huduma kwa wateja, mashine ikanijibu.

Tangu hapo mtu akiniuliza kuhusu sola, namwambia anunue ndogo kwa taslimu, siku mpunga umeuzwa, hata kama itawasha taa mbili tu. Mkopo unaolipwa na mtu aliye nchi nyingine, mwenye kibarua kisicho na mkataba, katika jiji ambako wageni walishapigwa na kufukuzwa mwaka 2008, wakapigwa tena 2015 na 2019, ni mkopo uliowekewa dhamana ya amani ya mtaa wa watu wengine.

7. Pesa inaweza kugeuza njia

Mwaka 2024 kakao ilivuka dola 10,000 kwa tani kwenye soko la dunia, na mnada wa kakao wa Kyela ukaongea lugha hiyo hiyo. Miezi ile waliokuwa wakituma ni wazazi: ya pango Dar, ya ada ya chuo, hata ya LUKU ya mtoto aliyepanga Tabata. Sijawahi kuweka pesa nyingi namna ile. Na hapo wazee nao walianza kuuliza: "Mbona nilikutumia juzi tu?"

8. Kuni hazisemwi kwenye simu

Nimesikia maombi ya kila aina yakipigwa mbele ya kibanda changu. Ada. Dawa. Mbolea. Ya kusaga. Mchango wa msiba, wa harusi, wa kanisa. Vocha. Sijasikia mtu akimwambia mtoto wake, "nitumie ya kuni."

Kwa sababu kuni hazinunuliwi, zinafuatwa. Wanawake na wasichana wanapanda mteremko alfajiri, mteremko ambao mgeni akiupanda mikono mitupu anapumzika mara tatu, wanarudi na mzigo kichwani. Kisichokuwa na bei hakiingii kwenye maombi, na kisichoombwa hakitumiwi. Ndiyo maana nyumba ina taa za kuwaka rangi tatu sebuleni na nyuma yake mama anakohoa juu ya mafiga.

Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuifikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania. Mitungi ya kilo 6 imekuwa ikiuzwa kwa ruzuku ya nusu bei. Watoto wa mbali wakaipenda: mtungi ni kitu, unaonekana, unapigwa picha. Lakini kujaza ni zaidi ya 20,000, na ukitaka uhakika uende Kyela mjini, nauli juu. Mama anautumia kuchemsha chai mgeni akija. Ukiisha, unasimama kona ya sebule, umevishwa kitambaa cha kufuma, juu yake kuna ua la plastiki. Nimeshauona hivyo katika nyumba nyingi mno.

Kwa nyumba yenye D1, kinachonishawishi ni jungu la presha la umeme. Maharage yanayokula kuni nusu mzigo yanaiva humo kwa chini ya uniti moja, yaani chini ya shilingi 122. Hakuna fungu la kuni la bei hiyo kwenye gulio letu. Ila uangalie zile uniti 75, yasije yakawa yale yale ya friji.

Kijana mmoja wa Dar alielewa hili baada ya msiba wa baba yake kumkuta huku katikati ya masika. Kuni zilikuwa mbichi, wanawake walipuliza moto usiku mzima, na yeye, badala ya kukaa nje na wanaume, alilazimika kubeba ndoo hadi jikoni. Aliporudi kazini hakuniuliza tena umeme wa mama unaisha lini. Aliniuliza, "Dada, mama kuni anapata wapi?" Akatuma jungu kwa basi.

Mama yake analitumia kwa maharage na makande, na alinipigia kusema *ndaga fijo*, yaani asante sana, kana kwamba ni mimi niliyelinunua. Ugali hasongi humo, na mafiga hajayaacha: juu ya moto wake, darini, ndipo mahindi ya mbegu yanapokaushwa na moshi, wadudu wasiyaguse mpaka kupanda. Kijana hakufurahi. Amenipigia mara mbili akitaka nimshawishi mama aache kuni kabisa. Nimemwambia aje mwenyewe Desemba, apande darini ayashushe hayo mahindi, na atafute pa kuyaweka. Hiyo haimo kwenye huduma za uwakala.